Skrubu Iliyobaki Kwenye Kizibo

Risasi ya kulehemu ilikuwa imeanza kuyeyuka kwenye ncha ya pasi, nami nikanyoosha mkono wa kushoto kuchukua kizibo. Ilikuwa Ijumaa, saa tisa alasiri. Mezani kulikuwa na kinanda cha umeme nilichokwisha kukifungua mgongo, na skrubu zake nne nilikuwa nimezibana kati ya midomo kama fundi cherehani na pini zake. Nilitaka mahali pa kuziweka.

Vizibo vya soda ndiyo njia yangu ya kazi. Sikufundishwa ufundi na mtu. Nilijifunza kwa kufungua redio za nyumbani, nikachapwa kwa zile zilizokataa kufungika tena. Tangu siku hizo nina sheria moja: kila ninachokifungua kina kizibo chake, skrubu zake zinakaa humo, na kazi haijaisha mpaka kizibo kiwe kitupu. Kikishakuwa kitupu, kinarudi kwenye bakuli. Mafundi wa mtaa wananicheka, wanasema ukiingia kwangu utadhani umeingia nyuma ya baa. Nawaacha wacheke. Kwa miaka kumi na mmoja sijarudishiwa kitu kilichokosa skrubu.

Kizibo nilichokishika kilikuwa kizito kidogo.

Nilikigeuza. Vilikuwa vizibo viwili vilivyobebana. Cha juu kilikuwa kitupu, kimekaa ndani ya kile cha chini kama kifuniko. Nikavitenganisha kwa ukucha. Humo ndani mlikuwa na skrubu moja fupi na washa, ile pete nyembamba ya chuma, yenye meno.

Nikazima pasi, nikatema zile skrubu nne kwenye kiganja.

Skrubu ile niliijua. Ndani ya amplifaya ya gitaa ina kazi moja tu: kubana waya wa kijani wenye mstari wa njano kwenye bati la mwili, ili umeme uliopotea njia upate pa kushukia ardhini. Ukiusahau waya huo, amplifaya itaimba vizuri tu na hakuna atakayejua. Lakini kama ndani kuna mahali panapovujisha umeme, bati litakuwa na umeme. Kutoka kwenye bati utapita kwenye kamba mpaka kwenye gitaa, kutoka kwenye gitaa mpaka kwenye vidole. Na mpigaji akiwa ameshika nyuzi, siku akigusa maiki kwa midomo, yeye ndiye anakuwa njia. Umeme hauna shemeji wala mjomba.

Jumanne niliachia amplifaya tatu kwa mkupuo, wenyewe wamesimama mlangoni wananiharakisha. Zote zimetoka kiwanda kimoja, na skrubu zao zinafanana kama mapacha. Moja kati ya hizo tatu ilikuwa imetoka mikononi mwangu bila skrubu hii.

Ningeweza kupiga simu. Niliishika simu, nikaiweka. Wanamuziki ni watu wa maneno, na bendi ya mji ikilijua jambo asubuhi, jioni limekuwa wimbo. Fundi mwanamke, tena wa kujifundisha, apige simu kuwaambia watu watatu kwamba mmoja wao huenda akafa na yeye hajui ni yupi? Nikajiambia nitakwenda mwenyewe, nipime kimyakimya, nifunge, nirudi. Bendi ya kwanza ilikuwa inapiga jioni ileile, ya pili Jumamosi, ya tatu Jumapili.

Nikampigia shemeji yangu, mume wa mdogo wangu. Ni dereva wa teksi, na hakuna baa yenye bendi asiyoijua.

"Shemeji," nikamwambia, "nataka kwenda kuangalia muziki."

"Nani amefariki?"

"Hakuna."

"Miaka minane nakubembeleza utoke kwenye hilo pango lako. Leo unaniambia muziki. Lini?"

"Ijumaa, Jumamosi, Jumapili."

"Basi ni mwanamume," akasema. "Mdogo wako lazima nimwambie."

Baa ya kwanza iko nyuma ya mahali pa kuoshea magari. Ina paa la mabati, viti vya plastiki, na jukwaa lililopangwa kwa mbao za makreti. Tulifika saa kumi na mbili kasoro, wakiwa bado wanafunga nyaya. Mpiga gitaa wao ni mzee wa sitini na ushee, wanamwita Mzee Nyuzi, mwembamba mwenyewe kama jina lake.

"Ala, fundi! Leo jua limetoka magharibi?"

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kuangalia kama kazi imekaa sawa."

Hilo halikuwa uongo. Halikuwa ukweli pia.

Nikatoa mfukoni mita ya kupimia umeme. Waya mmoja nikauweka kwenye uzi wa gitaa lake, mwingine kwenye wavu wa maiki. Nikaangalia namba. Sifuri. Nikafungua kifuniko cha nyuma nihakikishe kwa macho, nikauona waya wa kijani umebanwa barabara, skrubu yake inang'aa.

Mzee Nyuzi alikuwa amesimama nyuma yangu, mikono kiunoni. "Mnaona?" akawaambia wenzake. "Mafundi wengine ukishachukua kitu chako, hata salamu huipati. Huyu binti anakifuata kitu mpaka baa kuuliza kimelalaje! Huyu ndiye fundi."

"Ni kawaida tu, mzee," nikasema.

"Kawaida ya nani? Nitamwambia na mpwa wangu. Unamjua mpwa wangu? Yule anayeimba peku. Hapandi jukwaani na viatu, anasema miguu lazima isikie ngoma. Jumapili wanapiga kule bustanini. Na amplifaya yao si wewe uliyeitengeneza? Dereva wao aliileta."

"Ni mimi."

"Basi yuko salama."

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Nilihesabu haraka kichwani: zimebaki mbili, labda ni hii ya kesho. Ikiwa ni ya kesho, ya nini kumtia mzee wa watu hofu? Nikafunga kifuniko, nikazungusha bisibisi mpaka ikakataa.

Walipoanza kupiga, shemeji alikuwa ameshaagiza soda mbili, anagonga meza kwa vidole. "Unasikia hilo gitaa linavyolia?" akaniuliza. Nikamwambia nasikia. Nilikuwa naangalia miguu ya watu jukwaani, nani amevaa viatu vya mpira, nani vya ngozi.

Jumamosi tulikwenda klabu ya ghorofani, juu ya duka la magodoro. Bendi ya mke na mume: mke anaimba, mume anapiga gitaa na kumwitikia. Saa kumi alasiri nilikuwa mlangoni, mita mfukoni. Meneja wao, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, alinikatiza kabla sijafika jukwaani.

"Bibie, mitambo ishapangwa. Juzi alikuja mmoja kuangalia, akaondoka na kamba mbili."

"Mimi ndiye niliyetengeneza amplifaya hiyo."

"Vizuri sana, hongera. Ukitaka kuangalia muziki, kaa. Ukitaka kuangalia nyaya, subiri mapumziko."

Ningemwambia kwa nini, angenipisha. Nilifungua mdomo, na nilichosema ni, "Sawa, mama."

Nikatafuta sanduku la swichi kuu. Lilikuwa ukutani, kati ya mlango wa choo na jokofu. Nikasimama hapo, mkono wa kulia umeinuka kidogo, kama mtu anayejikuna bega.

Mhudumu akapita mara ya kwanza, akapita ya pili. "Dada, meza zipo. Hapo panatoa harufu."

"Nimezoea."

Akaniangalia kwa huruma, akaniletea kiti.

Sijawahi kuangalia bendi kama nilivyoiangalia ile. Mke aliimba ameshika maiki kwa mikono miwili, hiyo haikunitisha, yeye hana gitaa. Macho yangu yalikuwa kwa mume. Alikuwa na maiki yake kwenye mlingoti, na kila kiitikio kilipokaribia aliusogelea. Hatua moja. Ya pili. Anainamisha shingo. Nami naweka vidole juu ya swichi. Anaitikia maneno manne, anarudi nyuma, anatabasamu, nami nashusha mkono. Mara kumi na moja. Mara ya saba alisita, akarudisha kichwa ghafla akasugua midomo, na kidogo tu niizime klabu nzima. Kumbe ni nzi.

Katikati ya ukumbi shemeji alikuwa anacheza na mwanamke mnene mwenye gauni la kijani, ananipungia mkono. Akainua leso, ananiita nikacheze. Nikatikisa kichwa.

Mapumziko yalipofika, nilipanda jukwaani kabla mpiga ngoma hajaweka vijiti chini. Mita kwenye uzi, mita kwenye wavu. Sifuri. Kifuniko cha nyuma. Waya umebanwa.

"Fundi anafuatilia kazi mpaka klabuni!" mume akamwambia mkewe. "Umeona wapi?"

Nilishuka ngazi. Haikuwa ya Ijumaa, haikuwa ya Jumamosi. Sasa nilijua ni ipi, na nilijua ni nani anayesimama mbele yake bila viatu.

Kwenye teksi nikamweleza shemeji yote, tangu kizibo. Alizima redio.

"Na yule mzee alikutajia mpwa wake," akasema.

"Alinitajia."

"Namba yake unayo?"

"Ninayo."

"Shemeji."

"Tangazo linasema saa kumi na moja jioni. Saa tisa nitakuwa pale, kabla hawajafunga waya hata mmoja. Nitapima, nitafunga, basi."

"Wewe ndiye unayeujua umeme," akasema, akawasha redio tena, kwa sauti ya chini.

Mpango ulikuwa mzuri. Niliuandika kabisa kwenye karatasi, saa kwa saa, na vifaa vya kubeba. Sikuona kwamba mtu wa kwanza ambaye mpango huo ulimlinda ni mimi.

Jumapili saa nane na robo nilikuwa napanga vifaa kwenye mkoba wakati simu ilipolia. Ni shemeji, na nyuma yake nilisikia ngoma.

"Wamebadilisha saa! Wamebandika karatasi juu ya tangazo. Nimeshusha abiria hapa nje, bendi inapiga sasa hivi, shemeji, sasa hivi!"

"Ana viatu?"

"Nani?"

"Anayeimba! Ana viatu?"

"Hana. Na wamemwaga maji, wamesafisha sakafu sasa hivi."

"Nenda kachomoe amplifaya."

"Ipi? Kuna masanduku sita hapa, mimi nitajuaje? Na mlinzi hapitishi mtu jukwaani. Toka nje, nakuja kukuchukua!"

Ni mwendo wa dakika tano. Nilitumia dakika hizo kumpigia Mzee Nyuzi. Simu iliita mpaka ikakata, mara tatu.

Bustani ile ina sakafu ya saruji na miavuli ya kitambaa. Watu walikuwa wamejaa, mchana wa Jumapili, familia nzima nzima. Sakafu ilikuwa bado inang'aa kwa maji. Kijana alikuwa mbele, gitaa kifuani, suruali imekunjwa mpaka kwenye vigimbi, nyayo zake zimepiga chapa za maji jukwaani. Maiki yake ilikuwa imevalishwa soksi ya kijivu.

Niliielewa ile soksi papo hapo. Mtu haivalishi maiki soksi bila sababu.

Nilipita katikati ya meza, nikaangusha kiti cha mtu. Alikuwa anamaliza ubeti, anarudi nyuma kwa hatua mbili, anasubiri zamu yake ya kuimba. Soksi imelowa mate, na kilicholowa hakizuii umeme. Hilo nililiona nikiwa hatua kumi. Nikapiga goti nyuma ya jukwaa, nikafuata kamba ya amplifaya yangu kwa macho mpaka ukutani, nikaichomoa.

Gitaa likakatika. Ngoma na besi vikaendelea kidogo kama kuku aliyechinjwa, kisha navyo vikanyamaza. Watu wakapiga miluzi.

"Nani kachomoa?"

"Mimi."

Mlinzi alikuwa ameshanishika mkono juu ya kiwiko. Mimi sina sauti kubwa, sijawahi kuwa nayo. Nikamgeukia kijana, nikamuuliza kama tuko wawili tu, "Midomo inakuchoma?"

Akashangaa. "Tangu Jumatano, mazoezini. Kama siafu. Nikadhani maiki chafu, nikaivalisha soksi."

"Angevalisha na miguu!" mtu akapiga kelele, na meza za mbele zikacheka.

"Weka gitaa chini," nikasema. "Taratibu. Usiguse maiki."

Nikamwambia mlinzi anishike mkono mmoja kama anataka, huu mwingine nina kazi nao. Gitaa likiwa chini na kila mtu amesogea, nikachomeka tena kamba ukutani. Uzi, wavu. Nikaangalia namba kwenye mita. Namba ile siiandiki hapa. Nilimwonyesha mlinzi, ambaye hakuielewa, lakini aliuangalia uso wangu, akaniachia. Nikachomoa.

Nilipofungua kifuniko, waya wa kijani ulikuwa unaning'inia kama mkia wa panya. Mtu alikuwa amepiga magoti kando yangu, ananimulikia kwa tochi ya simu. Mkono ulikuwa mwembamba, una kucha ndefu za mpiga gitaa. Mzee Nyuzi, kumbe alikuja kumsikiliza mpwa wake.

"Nimeona umenipigia," akasema. "Sisikii simu kwenye ngoma." Akausogeza mwanga. "Ijumaa ulikuja kutafuta hii."

"Ndiyo."

"Nami nikakumwagia sifa mbele za watu."

"Ndiyo, mzee."

"Na nikakwambia mpwa wangu anaimba peku."

"Uliniambia."

Nilimsubiri. Angenitukana, ningepokea. Watu wa meza za mbele walikuwa wamenyamaza, na nikajua kila neno wanalisikia.

"Ungeniambia Ijumaa," akasema, "ningempigia palepale. Jana walipiga mazoezi kwa saa tatu nzima."

Nikasimama. Kijana alikuwa ameshika maiki yake kwa mkono, soksi na yote, imezimwa. Nikawaambia watu wa bendi, na kwa kuwa watu wote walikuwa kimya wakasikia wote: "Mimi ndiye fundi. Jumanne nilisahau skrubu. Nilijua tangu Ijumaa kwamba nimeisahau kwenye moja ya amplifaya tatu, nikaona aibu kusema. Mnisamehe."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja akasema, "He!" Mtu mwingine akauliza, "Sasa muziki?"

"Funga hiyo skrubu tuendelee," kijana akasema. "Si unayo?"

Ilikuwa mfukoni, ndani ya kizibo chake, imezibwa kwa karatasi. Niliishika. Ingechukua dakika moja.

"Hapana," nikasema. "Skrubu ingezuia isikuume. Lakini kuna kinachovuja humo ndani, na bado sijui ni nini. Hii inarudi mezani kwangu."

"Na sisi?"

Mzee Nyuzi alikuwa ameshainuka, anajipangusa magoti. "Yangu ipo nyumbani. Imepimwa Ijumaa," akasema bila kuniangalia. "Shemeji yake ana teksi."

Shemeji alirudi nayo kabla watu hawajamaliza vinywaji. Niliipima tena, mbele yao, na maiki zote. Kisha nikamwambia kijana kwamba leo haimbi peku. Akaanza kubisha kwamba miguu lazima isikie ngoma.

"Mpwa," mjomba wake akasema, "leo isikie kwa mbali."

Viatu vya mwenzake mmoja vilikataa kuingia, vya mwingine vilibana. Mwishowe shemeji akavua vyake, raba za soli nene zenye ukubwa wa mitumbwi, na kijana akaimba saa mbili akizikokota jukwaani huku shemeji amekaa peku mezani kwangu, miguu juu ya kiti kingine, anacheka peke yake. Sikuondoka. Nilikaa mpaka mwisho, mita juu ya meza. Kama kwenye wimbo wa nne hivi niligundua kwamba kijana ana sauti nzuri, yenye mkwaruzo kidogo chini. Kisha nikarudi kuangalia midomo yake.

Tulipokuwa tunapakia amplifaya kwenye buti, Mzee Nyuzi alikuja akasimama.

"Kesho saa ngapi unaifungua?"

"Leo naifungua. Kesho saa mbili naanza kutafuta kinachovuja."

"Saa mbili nitakuwa hapo. Nitakaa kwenye benchi nikuangalie."

"Karibu, mzee."

"Sijasema nakuja kwa uzuri," akasema. Akafunga buti mwenyewe, akalijaribu kama limeshika.

Jua lilikuwa bado halijazama nilipoiweka mezani, pembeni ya kile kinanda cha Ijumaa. Nikatoa skrubu za nyuma, nane, nikazihesabu kwenye kizibo. Vizibo vyote vya kwenye bakuli nikavimwaga mezani, nikavigeuza kimoja kimoja midomo juu na kuvipanga kwa mistari, ili kusiwe na kinachobeba kingine. Ilinichukua muda. Sikukuta skrubu nyingine.

Kisha nikauvuta waya wa kijani mahali pake, nikaweka washa, nikaweka skrubu. Bisibisi ikateleza. Nikaweka tena, ikateleza tena, ikakwaruza bati. Kazi hii nikaiachia kesho, mzee akiwepo.

Skrubu nikairudisha kwenye kizibo chake, peke yake, na kizibo nikakiweka katikati ya meza. Nikabandika karatasi kwenye bati: IMEFUNGULIWA, USICHOMEKE. Nikalisogeza kidogo benchi, upande wenye mwanga, mahali ambapo mtu akikaa anaona mikono ya fundi. Nikazima taa.